Ushuru wa Soda Isiyouzwa

12 Januari

Mwanangu, mtoto wa kaka yangu,

Marahaba. Nimeitikia kabisa, maana najua barua yako itaanza na shikamoo na mimi sipendi kukaa na deni la salamu. Huku hatujambo. Baba yako anakusalimu kutoka kwenye cherehani yake. Goti linamsumbua asubuhi, lakini mguu ukishagusa pedali husahau kama ulikuwa mgonjwa. Kina mama wanaonijazia chupa nao wanakusalimu, hasa yule mnene mwenye kuimba. Anasema ukirudi utamkuta kwenye wimbo uleule, na mwisho wake bado haujui.

Umeniuliza kwa nini sipigi simu. Simu siiwezi. Nikisalimia watu wote salio limekwisha, nikinyamaza kidogo unadhani nimenuna, na tukishamaliza sina kitu mkononi. Barua ninaisoma, ninaiweka, kesho ninaisoma tena na kukusengenya vizuri.

Sasa habari yenyewe. Kiwanda kimepata leseni! Ndiyo, kiwanda. Lile banda la nyuma ulilokuwa unaogopa kuingia kwa sababu ya panya sasa lina vigae mpaka nusu ya ukuta. Lina tangi la chuma cha pua lenye bomba lake, na mashine ya kufunga vizibo niliyoinunua kwa mtu aliyechoshwa nayo. Soda ya tangawizi niliyokuwa nawauzia majirani kwa jagi leo iko kwenye chupa, na chupa ina lebo, na lebo ina anwani yetu. Watu wameanza kuniita Bosi. Sijamkataza mtu.

Lakini leseni haikuja peke yake. Nyuma yake alikuja kijana wa ofisi ya ushuru. Akatumbukiza ufito wenye alama ndani ya tangi langu kama daktari anayempima mtoto homa, akafunga lakiri ya serikali kwenye bomba, akanipa stempu ndogondogo za kubandika kwenye shingo za chupa, akasema nitalipa ushuru wa bidhaa. Nikamwambia, baba, mimi nimeshalipa kodi ya mauzo, risiti hizi hapa. Akasema hiyo ni nyingine. Nikamuuliza tofauti iko wapi. Akakuna kichwa, akasema, "Mama, ile ni ile na hii ni hii." Hayo ndiyo maelezo niliyopewa na serikali.

Wewe unasomea uafisa wa ushuru. Nieleze shangazi yako, taratibu, kama nilivyokueleza wewe namna ya kufunga kamba za viatu. Kwa nini soda moja ilipiwe mara mbili?

Shangazi yako, Bosi


9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia. Mpe Baba shikamoo yake, na goti nalo ulipe pole. Mimi sijambo. Chumba nakaa na mwenzangu wa darasani, mtu safi kupita kiasi. Anapiga pasi mpaka soksi. Chakula si kibaya. Tumeanza mafunzo ya vitendo, tunazungushwa kwenye maghala na viwanda tukiwa na vitambulisho shingoni, na watu wanatuogopa kabla hatujajua chochote.

Habari za leseni yenu niliwasomea wenzangu kwa sauti. Yaani ile aya ya vigae niliisoma mara mbili. Shangazi, hujui nilivyovimba kichwa.

Sasa swali lako. Chukua ndoo ya plastiki na chupa ya soda yako, uviweke pamoja kwenye kaunta ya Kidevu, pale dukani kwenye kona. Mtu akinunua ndoo analipa kodi ya mauzo. Akinunua soda analipa kodi ya mauzo. Kodi hii haina ubaguzi, inakula karibu kila kitu dukani, na inahesabiwa kwa asilimia ya bei. Bei ikipanda nayo inapanda. Inamngoja mnunuzi pale anapotoa pesa, na anaiona kwa macho yake chini ya risiti. Kidevu anaipokea tu na kuipeleka mbele, si yake.

Ushuru wa bidhaa una watu wake. Ndoo hauitaki. Unataka soda, bia, sigara, mafuta ya magari, manukato, vitu vya namna hiyo vilivyochaguliwa na sheria. Kwa soda hautazami bei hata kidogo, unatazama lita. Uuze ghali, uuze rahisi, lita ni lita, na kila lita ina kiwango chake. Ndiyo maana yule kijana alipima tangi na hakukuuliza unauza kiasi gani. Na anayeulipa ni mtengenezaji, yaani wewe, huko huko kiwandani. Mnunuzi hauoni kwenye risiti, kwa sababu umeshajificha ndani ya bei. Stempu iko shingoni ili mtu yeyote akiokota chupa yako popote ajue kwamba hii imepita mlangoni kihalali.

Kwa hiyo soda hailipiwi kitu kimoja mara mbili. Inalipiwa kwa kutengenezwa, halafu inalipiwa kwa kuuzwa. Na hapa najua utapiga kelele: kodi ya mauzo inahesabiwa juu ya bei ambayo ushuru umo ndani yake. Ndivyo ilivyo. Usinipigie mimi kelele, mimi bado mwanafunzi.

Kazi hii imenipa tabia mbaya. Siku hizi siwezi kunywa kitu kabla sijashika shingo ya chupa na kutafuta stempu. Wote tumekuwa hivyo. Kwenye mkahawa wahudumu wanatutazama kama wagonjwa.

Mwishoni mwa Aprili tunaapishwa. Asubuhi kiapo, jioni sherehe ndogo ukumbini. Najua safari ni ndefu na goti la Baba haliruhusu. Msijisumbue, mioyo yenu itakuwapo.

Mtoto wako


3 Machi

Mwanangu,

Marahaba ya pili. Huku salama. Mvua imenyesha kidogo, banda halivuji, na mwimbaji wetu amejifunza ubeti mmoja zaidi, tumhurumie. Baba yako anakusalimu sana. Ana jambo analishona na ameniambia nisikuambie, kwa hiyo sikuambii.

Maelezo yako nimeyaelewa mpaka yamenikaa kooni. Niliichukua barua nikaenda nayo kwa Kidevu, nikasimama kwenye kaunta yake mbele ya wateja, nikamwambia, "Wewe Kidevu, miaka yote unalia hapa kwamba kodi inakumaliza, kumbe wewe mchukuzi tu! Kodi ya mauzo ni ya mnunuzi, wewe unaibeba. Mimi hapa ndiye ninayetoa ushuru wangu mlangoni kwangu kabla hata hujaiona chupa." Amenuna mpaka leo. Soda zangu bado anauza, lakini anazipanga nyuma ya sabuni.

Na huo mtindo wa kutoza kodi juu ya ushuru, mwenye kuubuni naomba nimwone siku moja, nimtazame tu usoni.

Lakini nakuambia ukweli. Kijana wa ushuru alipokuja safari hii nilimfungulia mlango kabla hajabisha. Alipopima tangi nilisimama kando yake na kumsomea alama mimi mwenyewe. Akashangaa. Nikamwambia, "Nina mtoto kwenye kazi yenu." Akaweka kofia vizuri. Mwanangu, maisha yangu yote nimefunguliwa mlango kwa kuchelewa, kila ofisi, kila benki. Siku hiyo nilijiona mrefu.

Umesema msijisumbue. Nani amekuambia mimi nasikiliza? Kufika hatutafika, hilo kweli, lakini mezani kwako siku hiyo hatutakosekana. Zaidi ya hapo sisemi.

Shangazi yako


6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Mimi nipo, kazi imeanza. Nimepewa meza karibu na dirisha na niko kwenye kipindi cha majaribio mpaka mwisho wa mwaka.

Kiapo kilikwenda vizuri. Katoni zilifika salama, asanteni mno. Soda zilipendeza sana mezani, na utepe wa Baba ulimgusa kila mtu. Hata Mkuu wetu wa mafunzo aliuulizia.

Kwa leo niishie hapa, kazi ni nyingi. Msalimie Baba.

Mtoto wako


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama, ila salama yenyewe ya kujilazimisha.

Nimeisoma barua yako nikaigeuza nyuma kutafuta iliyobaki. Haikuwepo. Wewe unayejaza kurasa kwa habari za mtu anayepiga pasi soksi, siku kubwa kuliko zote maishani mwako umeimaliza kwa mistari ya kuhesabika? Halafu unaniambia soda zilipendeza mezani. Mezani! Soda si shada la maua. Mbona hukusema zilipendeza mdomoni?

Niambie ukweli. Zilichacha? Gesi ilitoka njiani? Tangawizi ilikaa chini ikawa kama tope? Nimefungua katoni iliyobaki ya siku ileile, nimeonja, kina mama wameonja, baba yako ameonja na kusema ni tamu, lakini yeye hata maji ya bomba akipewa na mimi husema matamu. Nimesimamisha mashine. Siwezi kuendelea kufunga vizibo juu ya kitu kilichomtia mwanangu aibu mbele ya wakubwa zake. Maduka yanauliza mzigo uko wapi, nami najibu kwamba tunasafisha mabomba.

Baba yako alikesha, sitii chumvi, alikesha akishona zile tepe za buluu, moja moja kwa kila shingo, rangi ya sare yenu. Anataka kujua Mkuu aliuuliziaje utepe wake. Alisema nini hasa?

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi ndiye niliyekulea, najua sauti yako hata kwenye karatasi.

Shangazi yako


24 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimekuwa nikianza barua hii na kuichana. Washa mashine. Soda haikuwa mbovu. Hakuna aliyeionja.

Nilikuta meza kuu imeshapangwa, kila mgeni na chupa yake, na kila chupa imefungwa utepe wa buluu. Niliposoma lebo na kuona anwani ya nyumbani nililia pale pale, kwa furaha, na mwenzangu akanishikia pochi. Wageni walikuwa maafisa watupu. Unajua tabia yetu, nilikuandikia mimi mwenyewe. Mkuu akakaa, akashika shingo ya chupa. Akafungua utepe taratibu, akatazama chini yake. Akaigeuza. Akaiweka mezani bila kufungua kizibo. Aliyekuwa kulia kwake akafanya hivyohivyo, kisha wa kushoto, na meza nzima ikawa inafungua tepe za Baba na kuzilaza kando ya sahani. Hakuna shingo iliyokuwa na stempu.

Mkuu akauliza, "Hizi za nani?" Nikasimama. Nikasema, "Za shangazi yangu. Zinatengenezwa nyumbani kwetu." Naomba uniamini, nilisema kwa kujivunia. Woga ulinifika baadaye.

Akaniuliza, "Ni tamu?"

Nikasema, "Kuliko zote."

Akasema, "Basi nazo zilipe ushuru kama nyingine." Hakunifokea. Aliagiza katoni zipelekwe stoo ya ofisi kama ushahidi. Utepe mmoja aliniachia. Alisema tepe hazimo kwenye sheria yetu.

Najua ulichofikiri, nimekuwa nikikusikia kichwani. Ulifikiri, hizi siuzi, ni zawadi, hakuna bei wala risiti, kodi ya nini. Na kwa kodi ya mauzo ungekuwa sahihi, maana pasipo mauzo yenyewe haina pa kushika. Lakini ushuru haungoji mauzo. Unaanza pale chupa inapovuka mlango wa kiwanda, iwe inakwenda kwa Kidevu, iwe inakwenda kwa mtoto wako, hata ikianguka njiani na kuvunjika. Mwezi wa pili nilikuandikia lita na bei, nikajiona mwalimu, na jambo hili sikuliweka.

Sasa lile ambalo sikulisema mwezi wa tano. Asubuhi iliyofuata niliandika ripoti. Niliiandika mimi, hakunilazimisha mtu. Nimeandika jina lako, la kiwanda, idadi ya katoni, na kwamba mmiliki ni shangazi yangu. Imepelekwa kwenye ofisi ya huko kwenu. Utapata barua ya wito. Kuna ushuru wenyewe na kuna faini, na Shangazi, kuna leseni. Kutoa bidhaa bila stempu kunaweza kuiondoa. Siwezi kukuficha wala kukuahidi kitu, na kesi yenyewe siruhusiwi kuigusa.

Nisingeweza kuapa asubuhi na kufumba macho jioni. Ripoti siombi radhi. Ile barua yangu ya Mei ndiyo ninayoiombea.

Mtoto wako


22 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata barua. Labda imechelewa njiani, labda haikutumwa. Mimi mzima.

Kama wito umefika, niambie tu tarehe ili siku hiyo nisikae kwenye mkutano nikijifanya nasikiliza. Kama kina mama wamesimamishwa kazi, niambie pia. Na Baba, kama hataki kunisalimu, basi niandikie kwamba hataki. Nitajua kwamba yupo na anaendelea na kazi yake.

Mtoto wako


18 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Barua hazikuchelewa njiani. Zimechelewa kwangu.

Nilipoisoma ile ya Juni niliikasirikia serikali kwanza, kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Zawadi! Mtu anatoa kwa roho yake, hachukui hata senti, na bado kuna mkono unaochungulia mlangoni. Hasira hiyo ilipoisha nikakugeukia wewe. Kisha ikaja zamu yangu, na hiyo ndiyo iliyochukua muda mrefu. Stempu nilikuwa nazo, mwanangu. Zilikuwa ndani ya kabati, umbali wa mkono wangu tu. Nilikataa kuzibandika kwa sababu nilitaka pale shingoni pakae utepe wa baba yako. Niliona kumpa mtoto zawadi yenye stempu ni kama kumpa nguo ambayo bado ina karatasi ya bei. Tena nilijiona nimeelewa kila kitu, si nimeshamfundisha Kidevu? Mambo ya mlangoni nilikuwa nayahubiri dukani kwa watu, kisha nikapitisha katoni zangu kwenye mlango huohuo nikiimba.

Ripoti sikukukasirikia. Nasema hivyo leo. Wiki ile ya kwanza ungeniuliza ningesema jingine. Kilichonichoma ni hiki: ofisi uliiandikia ukweli asubuhi yake, mimi ukaniandikia "zilipendeza mezani". Nimesimamisha mashine siku zote hizo nikinusa mabomba kwa sababu yako. Siku nyingine ukiwa na ukweli, ugawe kotekote. Sitavunjika. Mimi ni nani nivunjike?

Baba yako alilipokea vibaya. Alisema neno moja tu, "Amemwandika shangazi yake," akafunika cherehani na kitambaa, akakaa uani. Kuanzia hapo jina lako halikutoka mdomoni mwake. Nikifika na barua yako anakumbuka kazi nyingine. Ndiyo maana hukuona salamu. Nisingeweza kukutumia salamu za kubuni.

Wito ulikuja mwanzoni mwa mwezi huu, na agizo kwamba nisitoe chupa hata moja mpaka nisikilizwe. Niliwaambia kina mama wabaki nyumbani. Wakaja hivyohivyo, wakasugua vigae ambavyo havikuwa vichafu. Yule mnene hakuimba. Sikujua kwamba nitaukumbuka wimbo ule mbovu. Usiku wa kuamkia siku ya wito nilifikiria maisha bila banda lile, kurudi kuuza kwa jagi uzeeni, majirani wakiniita Bosi kwa kunidhihaki. Niliogopa, mwanangu. Nakuambia wewe, usimwambie mtu.

Asubuhi nilipotoka nilimkuta baba yako mlangoni amevaa koti. Sikumwomba. Nikatembea, naye akanifuata.

Ofisi yenyewe ni chumba kirefu, mabenchi pembeni, kaunta ya kioo mbele, na foleni inayoanzia kwenye ngazi. Baba yako alisimama nyuma yangu. Zamu yetu ilipofika karani akafungua faili, akasoma, akatazama sahihi yako, akatazama jina langu, akaona ukoo ni mmoja. Akatabasamu. Akasogea karibu na kioo akaninong'oneza, "Mama, kumbe aliyeandika ni wa kwenu? Si ungepiga simu mapema. Mambo ya kifamilia haya, tungeyamaliza chinichini, karatasi ingelala tu."

Mwanangu, nilikuwa nimekuja pale kuomba. Nilikuwa nimepanga maneno, nimepanga mpaka mahali pa kushusha sauti. Lakini karani aliponiambia kwamba karatasi yako inaweza kulala, damu ikanipanda. Nikamwambia, wala si kwa kunong'ona, "Hiyo karatasi ameiandika mtoto niliyemlea mimi. Hailali. Niitie mkubwa wako."

Mkubwa alitoka, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba. Akaniuliza kama nina la kupinga. Nikasema sina. Katoni zilitoka kwangu, zilivuka mlango wangu, stempu hazikuwa nazo, nilidhani zawadi haina ushuru, sasa najua. Akaniuliza nani ameniambia. Nikasema, "Aliyeniripoti." Akavua miwani, akanitazama, akasoma ripoti yako yote kwa mara nyingine akiwa amesimama.

Nimelipa ushuru wa katoni zile, lita kwa lita. Nimelipa na faini, imeniuma, na mashine mpya ya lebo niliyokuwa naitamani itangoja. Leseni imebaki, kwa onyo. Wakikuta tena shingo tupu wanaichukua. Nimewaambia hawataikuta. Leo nakuandikia huku mashine inagonga nyuma yangu na mwimbaji anaharibu ubeti wa pili. Kidevu naye amesikia yote. Amezirudisha soda zangu mbele ya sabuni, kusudi aniulize kila siku kama zimelipiwa.

Lakini nataka nikueleze tulivyotoka mle ofisini, maana ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Watu kwenye foleni walikuwa wamesikia. Wakati tunageuka, mwanamume mmoja mwenye mkoba alimwambia mwenzake, kwa ile sauti ya kutaka kusikika, "Huyo mama kauzwa na ndugu yake mwenyewe." Watu wakacheka kidogo, wengine wakaniangalia kwa huruma. Nikasimama. Unanijua nikisimama. Nikasema foleni nzima isikie, mpaka wale wa kwenye ngazi, "Sikuuzwa. Mimi ndiye niliyeripotiwa na mtoto wa kaka yangu, na ripoti ni ya kweli, kila neno lake."

Kicheko kikafa. Nilikuwa nimeshaanza kwenda zangu nilipogundua kwamba baba yako hanifuati. Nikageuka. Alikuwa amebaki katikati ya chumba, mbele ya yule mwenye mkoba, anafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja mpaka cha juu.

"Na mimi," akasema, "ndiye baba wa huyo aliyeiandika."

Shangazi yako